Mwaka Nilipokuwa Gunia la Lameck

Simu iliingia nikiwa barazani nasahihisha insha za watu wengine, kazi ninayoiweza kuliko kuandika za kwangu. Alikuwa Tumaini, binti wa marehemu rafiki yangu Lameck. "Shikamoo baba mdogo. Bibi anasema uje Mbebe kabla ya siku ya mashindano." Nikamwambia nitakuja, na asiwe na wasiwasi, hotuba nimeshaianza. Nikamsikia anacheka huku amesogeza simu mbali na mdomo. "Ndiyo hiyo anayotaka kuizungumzia, baba mdogo. Hiyo hotuba."

Kila mwaka vijana wa Ihanda huandaa mashindano ya baiskeli kumkumbuka Lameck, aliyeuawa vitani Kongo alikokwenda na jeshi letu kulinda amani. Na kila mwaka hotuba ni yangu, kwa sababu nilisoma chuo kikuu na kwa sababu nina koti. Nasimama mbele ya kipaza sauti nasema shujaa, mzalendo, bingwa aliyewaacha wenzake mbali, taa iliyozimika mapema. Watu hupiga makofi kwa adabu, halafu hukimbilia baiskeli zao. Mama yake Lameck hakuwahi kuhudhuria mpaka mwaka jana. Mwaka jana alikuja, akakaa mstari wa mbele na mwavuli wake, akanisikiliza mwanzo hadi mwisho, akaondoka bila kuniaga. Mimi nilidhani ni uchungu wa mzazi. Nilijisifu hata, moyoni, kwamba nimemgusa.

Basi nikapanda Mbebe, ambako hata mwezi wa kiangazi mtu hasahau sweta. Nilimkuta jikoni kwake, kwenye kile kibanda cha nyuma ambacho kuta zake zimekuwa nyeusi na kung'aa kwa moshi wa miaka. Alinipa kigoda kifupi kilichofanya magoti yangu yafike kidevuni, akanipakulia viazi na maharage, akaningoja nimeze tonge la kwanza. Kisha akauliza, "Yule uliyemsema mwaka jana ni nani?"

"Ni Lameck, Mama."

"Lameck yupi?"

Nilitafuna. Kiazi kilikuwa bado cha moto.

"Wanajeshi walikuja hapa wakaniambia alivyokufa," akasema. "Mchungaji akaniambia alikokwenda. Wewe nawe unakuja na koti lako unaniambia alikuwa taa. Mimi sikuzaa taa. Nilizaa mtoto aliyekuwa anamaliza ugali wa nyumba nzima halafu anamsingizia mbwa. Mwaka mzima uliishi naye Tunduma, chumba kimoja. Niambie huyo. Ukinipa huyo, kesho nakuja Ihanda. Ukinipa yule wa kwenye kipaza sauti, siji tena, na jina la mwanangu mliache lipumzike."

Kwa hiyo nilimwambia. Haya yafuatayo ndiyo niliyomwambia, isipokuwa matusi, ambayo niliyaondoa kwa heshima yake na ambayo machache aliyarudisha mwenyewe.

Sitaanza na babu yangu. Wasomaji wa kumbukumbu za maisha wameshavumilia babu wengi. Nianze na chumba, maana mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri kuitwa chuo kikuu, na kusubiri kulihitaji mahali pa kulala. Chumba kilikuwa nyuma ya nyumba ya Bi Rukia, mama mmoja wa Tanga aliyekuja Tunduma kwa kumfuata mume dereva, mume akaendelea na safari, yeye akabaki na jiko. Kilikuwa na kitanda kimoja, jamvi moja, na baiskeli moja. Kitanda kilikuwa cha Lameck kwa sababu alitangulia kupanga, jamvi langu, na baiskeli ililala katikati yetu kama mtoto mgonjwa, usukani umenielekea usoni. Mpaka leo nikinusa grisi napata usingizi. Kupitia ukuta tulisikia madereva wakila kwa Bi Rukia na kubishana kwa lugha zote za barabara ile, nani alimtangulia nani kwenye foleni ya mpakani, breki za nani zilishika moto mteremkoni, mke wa nani ana mume mwingine huko Kapiri, Zambia. Siku moja nilimsikia Mzambia mmoja akimwomba Bi Rukia, kwa upole wote wa Kibemba, "Mukwai, mama, hii chapati ni ya leo?" na Bi Rukia akajibu, "Mukwai mwenyewe. Ni ya leo tangu jana." Dereva akala mbili.

Lameck alikuwa anabeba mizigo kwa baiskeli, kutoka sokoni hadi ng'ambo, Nakonde, na kurudi. Unga, sabuni, saruji, chochote kile. Baiskeli yake ilikuwa ya Kichina, nzito kama kitanda cha hospitali, na fundi wa kuchomelea alikuwa ameiongezea keria ya nondo, ndefu na pana, ambayo ungeweza kumlaza ng'ombe mdogo. Magunia aliyafunga kwa mipira iliyochanwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Alikuwa mfupi, mapaja mapana, meno ya mbele yameachana, na hakuwa na unyenyekevu hata chembe. "Msomi," alikuwa akiniambia, jina alilonipa siku ya kwanza na ambalo soko zima lililidaka, "ukiniona napanda kile kilima na magunia mawili, usinitazame sana. Macho yatakuuma." Mimi nilikuwa na kibarua cha kuandika majina ya wafanyabiashara kwenye magunia kwa kalamu nene ya wino mweusi. Nilikuwa namweleza kila mtu kwamba ni kazi ya muda tu, nasubiri chuo. Asubuhi moja nilisikia wanawake bombani wakinijadili. "Yule kijana mwembamba anasubiri nini?" aliuliza mmoja. "Anasubiri chuo." "Na chuo kinajua?"

Jioni tulikula pamoja. Nasema tulikula, lakini kwa kweli yeye alikula nami nikashuhudia. Ugali wa Bi Rukia ulikuja kwenye sinia na dagaa wakavu kutoka Zambia, au matembele, na mkono wa Lameck ulikuwa na mwendo wake wa peke yake, kimya na wa uhakika, kama mtu anayechota udongo msingini. Katikati ya kula ndipo alipozungumza mambo ya maana. Jioni moja aliacha tonge hewani, jambo lisilotokea mara nyingi, akasema, "Msomi, unajua mimi nataka nini? Nataka siku moja niendeshe baiskeli haina mzigo wa mtu. Nikienda, naenda kwa sababu naenda." Alikuwa amesikia kwamba jeshini kuna vijana ambao kazi yao ni kukimbia, kupiga mpira na kuendesha baiskeli, wanapewa sare na chakula, na kwamba chakula hakipimwi. Sikujua kama ni kweli. Nilimwambia ni kweli, kwa sauti ya mtu aliyefika kidato cha sita.

Kisha likatoka tangazo. Mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya baiskeli aliandaa mashindano kutoka Tunduma hadi uwanja wa shule Ihanda, kwa barabara kuu, na ilisemekana afisa wa michezo wa jeshi atakuja kutafuta vijana. Lameck hakulala. Kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alifungua mipira yote kwenye keria, akapanda baiskeli tupu, akashuka kilima mbele ya soko zima. Nilikuwa hapo. Nilikuwa nimeacha kalamu wazi na wino umekauka. Alikwenda vizuri mpaka alipogusa breki. Gurudumu la nyuma likainuka, taratibu kabisa, kama mtu anayeamka kanisani kuimba, na Lameck akapita juu ya usukani akatua kwenye nyanya za watu.

Tulijaribu siku nyingine, na nyingine. Tatizo lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kuliondoa. Mtu anayebeba mizigo Tunduma hujifunza kulala mbele, kifua juu ya usukani, kuzuia gurudumu la mbele lisipae. Lameck alikuwa amelala mbele miaka yote ya ujana wake. Mwili wake haukujua namna nyingine ya kukaa kwenye baiskeli. Bila mzigo nyuma, kila breki ilimpeleka mbinguni. Nyanya zilipokwisha alianguka kwenye vitunguu. Wauzaji walianza kusogeza meza kila walipomwona amefungua mipira.

"Basi panda na gunia," nilimwambia.

"Gunia la nani? Nikianguka likapasuka?"

Bi Rukia alikuwa anachambua mchele pembeni. Alininyanyulia macho akanipima, kutoka kichwani mpaka kwenye ndala, kama anavyompima kuku kabla hajauliza bei. "Si mchukue huyu," akasema. "Akianguka atanyanyuka. Na hana shughuli nyingine."

Hivyo ndivyo nilivyopata nafasi yangu pekee katika historia ya michezo. Alinifunga kweli, mpira kiunoni na mpira kifuani, nimetazama nyuma kwa sababu nikitazama mbele magoti yangu yalimchoma mgongoni. Alinipa masharti. Nisicheze mwili kwenye kona. Nisisaidie, maana gunia halisaidii. Na la mwisho, ambalo lilikuwa gumu kwangu kuliko yote: "Gunia halisemi." Nilikuwa na tabia ya kumweleza mambo. Siku ya kwanza ya mazoezi nilianza kumfafanulia kuhusu uzito na mwinuko, fizikia niliyoifaulu kwa taabu, akasimamisha baiskeli katikati ya kilima akasema bila kugeuka, "Msomi, umeshawahi kusikia unga unaongea?"

Siku ya mashindano tulifika mstarini nimeshafungwa. Kicheko kilianzia mbele kikarudi nyuma na kwenda tena mbele. Kijana mmoja kutoka Mbeya, mwenye baiskeli ya gia na kaptula ya kubana, aliuliza, "Kaka, umekuja kushindana au unampeleka mgonjwa zahanati?" Lameck akamjibu, "Nampeleka ashuhudie unavyoshindwa. Ametazama nyuma ili akuone vizuri." Mfanyabiashara aliyeandaa alizungusha kofia yake, akafikiri, akatamka kwamba kanuni ni mbili tu: baiskeli iwe na magurudumu mawili, na mwendeshaji asishike lori. Habari za abiria hazikutajwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaza kwamba mtu angetaka mmoja.

Hiyo kanuni ya lori ndiyo iliyoamua mambo. Barabara haikufungwa, nani angeifunga barabara ya kwenda Zambia? Malori yalipita katikati yetu kama kawaida. Na sisi wa Tunduma tuna mazoea yetu. Mwendesha baiskeli mwenye mzigo akifika kilimani, lori likipita polepole, mkono wa kulia hunyooka wenyewe, unashika chuma cha nyuma, lori linakuvuta mpaka juu. Si wizi, ni kama kujikuna. Basi pale kwenye kilima kirefu, vijana wawili wa Tunduma waliokuwa mbele yetu, mashujaa kabisa, walinyoosha mikono wakashika lori la saruji mbele ya msimamizi aliyesimama na bendera. Hawakujua wamefanya hivyo mpaka walipopigiwa filimbi na kutolewa. Mmoja aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

Mimi niliyaona hayo baadaye, yalipokuwa yananipita kinyumenyume, maana nilikuwa nimeangalia Tunduma wakati wengine wote wanaangalia Ihanda. Lakini nikitazama nyuma hivyo niliona kitu ambacho Lameck hakukiona. Lori jingine lilikuwa linakuja, polepole, tela lake limefunikwa turubai la kijani. Likatufikia, likawa sambamba nasi. Na mkono wa kulia wa Lameck ukaachia usukani. Nilihisi baiskeli ikiyumba upande ule ule inakoyumba kila siku. Nilikuwa nimekula kiapo. Nikakivunja.

"Lameck! Mkono!"

Ukarudi kwenye usukani kama umeungua. Lori likapita. Tulifika juu akihema kama mvukuto, nami nikawaza nimemkosea. Halafu mteremko ukaanza, na mteremkoni uzito wetu ukawa rafiki yetu, na nikamsikia anacheka, yule mtu mfupi, amelala juu ya usukani, anacheka kwa sauti mpaka keria inatetemeka. "Gunia limesema!" alipiga kelele kwa mashamba ya kahawa. "Jamani, gunia limesema!"

Jikoni Mbebe, Mama Lameck aliacha kuchochea moto. "Kwa hiyo akawa wa kwanza," akasema. Ndivyo nilivyokuwa nikisema kwenye kipaza sauti miaka yote hiyo, bingwa aliyewaacha wenzake mbali. Watu walilipenda neno hilo, nami nikalizoea.

"Wa tatu, Mama."

"Wa tatu?"

"Yule wa Mbeya alikuwa wa kwanza. Lakini Lameck hakukubali. Alisema kwa hesabu yake sisi tumekuwa wa tatu na wa nne."

Hapo ndipo alipocheka. Kicheko kilianza mabegani, kikapanda, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akaniambia niendelee, akacheka tena kabla sijaendelea. Ulikuwa ni mcheko ule ule wa Lameck. Nilikuwa sijausikia tangu mwenye nao aondoke, na sikujua kwamba alikuwa ameuazima kwa mtu.

Nikamweleza habari za afisa. Alikuja na kofia iliyonyooka, akawapita wa kwanza na wa pili waliokuwa wamekaa vizuri kusubiri kusifiwa, akasimama mbele yetu wakati Lameck ananifungua.

"Kijana, kwa nini umebeba mtu?"

"Afande, nisipobeba naanguka."

"Na huyu ni nani?"

"Gunia, afande."

Afisa akanigeukia. "Wewe gunia, una la kusema?" Nilikuwa na mengi. Nilibana midomo nikatikisa kichwa. Lameck alidai maisha yake yote kwamba hiyo ndiyo dakika niliyompatia kazi. Kabla mvua hazijaanza alikuwa ameondoka kwenda jeshini, na sinia la ugali likabaki kubwa mno. Bi Rukia aliendelea kupika kiasi kile kile kwa muda, kwa mazoea, kisha akanilaumu mimi kwamba sili.

Jeshini walimfundisha kukaa sawasawa kwenye baiskeli. Iliwachukua muda, aliniambia, na walimpoteza kwenye mitaro mingi. Aliendesha kwa miaka, akashinda mengine, akashindwa mengine, akaoa, akampata Tumaini, magoti yakachoka, akawa mkufunzi wa vijana. Kisha akapelekwa Kongo. Alinipigia simu mara moja kutoka huko, mtandao unakatika, mvua inapiga bati. Hakusema habari za vita. Alisema vilima vile vinafanana na vya kwao. Alisema, "Msomi, huku watu wamechonga baiskeli kwa mti! Mti mtupu, hata pedeli haina, wanaisukuma kwa mguu, halafu inabeba mzigo kuliko mimi. Nimewaomba nijaribu." "Ukaanguka?" nikamuuliza. "Walikuwa wameipakia mkaa," akasema. "Nitaangukaje?" Simu ikakatika hapo, akiwa anacheka. Haukupita muda mrefu wakashambuliwa. Alirudi Mbebe ndani ya bendera, watu walipanda kutoka kila upande, na niliyoyasikia siku ile makaburini ndiyo niliyoyabeba kwenye hotuba zangu zote zilizofuata. Yalikuwa maneno ya kweli. Ila hayakuwa na mtu ndani yake.

Mama Lameck akaondoa sufuria motoni. "Mkaa," akasema, kwa sauti ya mtu anayeweka kitu kabatini. "Basi hakuwa na njaa wala huzuni siku hiyo." Kisha akanipakulia tena bila kuniuliza. "Kula. Umekuwa mnene lakini hujui kula."

Kesho yake Ihanda palikuwa pamejaa. Vijana walikuwa wameongeza jambo moja mwaka huu bila kunishauri, nadhani kwa amri kutoka Mbebe. Tumaini alitokea nyuma ya madarasa anasukuma ile baiskeli ya Kichina ya Lameck, nzito kama kitanda cha hospitali, keria ya nondo imepakwa rangi mpya. Mkononi alikuwa na mipira iliyochanwa. "Baba mdogo," akasema, "panda." Nilimkumbusha umri wangu. Nilimkumbusha kitambi changu, ambacho hakikuhitaji kukumbushwa. Akanifunga kiunoni na kifuani, mbele ya wilaya nzima, nimetazama nyuma. Tulizunguka uwanja mara moja. Alilala mbele juu ya usukani vilevile, ingawa hakuna aliyemfundisha, na watoto wa shule walikimbia nyuma yetu, yaani mbele yangu, wakipiga kelele, na mimi niliyaona yote yakiondoka kinyumenyume kama zamani.

Tuliposimama, mshereheshaji alinyoosha kipaza sauti kuelekea kwangu. Hotuba ilikuwa mfukoni mwa koti, nilikuwa nimeikatakata usiku kucha, na mikono yangu ilikuwa imefungwa. Nikafungua mdomo.

"Gunia halisemi!"

Ilitoka mstari wa mbele, chini ya mwavuli. Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mama Lameck alisimama, akaukunja mwavuli bila haraka, akaja, akachukua kipaza sauti, akakipuliza kama mtu anayepoza chai. Watu wakatulia. Alimtazama Tumaini, akaitazama baiskeli, akanitazama mimi nilivyofungwa.

"Mwanangu alikuwa wa tatu," akasema. Akafikiri. "Na wa nne."

Akarudisha kipaza sauti, akaenda kukaa.